Dakika Arobaini za Kumtafuta Mwalimu

Siku Mwalimu alipopotea, Mama Sabuni hakuwa hata na kazi upande wa wanaume. Kazi yake ilikuwa nguo: shuka, foronya, mashati na soksi za wazee thelathini na wawili. Alizifua, akazianika, akazipiga pasi na kurudisha kila moja kwa mwenyewe. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa katika makao yale ya wazee, na jina alilopewa na wazazi wake watu wa pale walikuwa wameshalisahau. Lakini Jumanne ile mhudumu wa upande wa wanaume aliamka na homa, na Matroni akapita chumba cha kufulia.

"Mama Sabuni, nisaidie kuwaangalia wazee wangu mpaka saa sita. Wanaota jua tu, hawana neno."

Waliota jua kweli. Saa nne chai ikaja, vikombe vikazunguka, na vilipokusanywa kimoja kilirudi kimejaa. Kilikuwa cha Mwalimu, na kiti chake kilikuwa kitupu.

Mwalimu alikuwa amefundisha Kiingereza miaka thelathini na mitano. Siku hizi kumbukumbu zilikuwa zikimtoka mojamoja, kama vifungo vya shati lililofuliwa mara nyingi. Majina ya watoto wake aliyachanganya, na kama ni asubuhi au jioni ilibidi aambiwe. Ila tai hakuisahau. Kila siku aliifunga mwenyewe, fundo limekaa sawasawa.

Mama Sabuni alianzia chooni. Akagonga mlango mmoja baada ya mwingine, akaita. Akaenda jikoni, akauliza, akachungulia hadi nyuma ya magunia. Akatoka bustanini, na mtunza bustani alipomwona anakimbia na kandambili mkononi, akatupa mpira wa maji chini, wakatafuta pamoja, huyu huku na yule kule. Lango lilikuwa limefungwa, lakini ukuta wa nyuma ulikuwa mfupi, na ng'ambo yake kulikuwa na barabara ya malori. Mama Sabuni hakutaka hata kuifikiria barabara hiyo. Aliita mpaka sauti ikakwama.

Dakika arobaini baadaye alifungua stoo ya magodoro, na huyo hapo, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono magotini, anasubiri darasa linyamaze.

"Umechelewa," Mwalimu akamwambia. "Kaa."

Mama Sabuni akakaa. Alipopata pumzi akamshika mzee mkono, akamrudisha polepole kwenye kiti chake na kumletea chai nyingine, ya moto.

Mambo yangeishia hapo kama si fomu.

"Mzee akipotea hata dakika kumi, inaandikwa," Matroni alisema. "Na anayeandika ni aliyemwona. Kwa Kiingereza, unajua. Ofisi kuu hawasomi lugha nyingine."

Kiingereza cha Mama Sabuni kilitoka kwenye paketi za sabuni na lebo za mashati. Alijua maji ya moto na maji ya baridi, alijua usikamue na usipige pasi. Zaidi ya hapo alikuwa na simu yenye kamusi. Akaiegemeza kwenye pasi iliyopoa, fomu ikiwa juu ya meza ya kunyooshea nguo, akaandika neno lake: tafuta.

Yakamjia majibu matatu, moja chini ya jingine: "seek", "look for", "search". Akayatazama kama mtu aliyeambiwa achague mchumba kati ya ndugu watatu wanaofanana.

"Seek" alilikataa papo hapo. Alilisoma kwa sauti, akasikia lile neno la kuumwa, "sick", lililobandikwa mlangoni mwa chumba cha wagonjwa. Akiandika hilo, ofisi kuu watauliza mgonjwa alipelekwa kwa daktari gani. Kwa "look for" alisita zaidi. Kwenye bango la langoni kulikuwa na "look after", na Matroni aliwahi kumweleza kwamba maana yake ni kutunza. Kwa hiyo "look", alivyoelewa yeye, ni kutunza, na angekuwa na uso gani wa kuandika kwamba alikuwa akimtunza Mwalimu, wakati mzee wa watu alipotea mikononi mwake? Likabaki "search". Hilo alilifahamu vizuri. Lilikuwa kwenye simu yake mwenyewe, kando ya kioo kidogo chenye mpini. Ukitaka wimbo wa kwaya au namna ya kutoa doa la chai, unagusa hapo na simu inakutafutia.

Akaandika, kwa herufi kubwa kubwa: "I search Mwalimu forty minutes. I search him in toilet. I search him in kitchen. I search him in garden with garden man. After, I find him. Thank you." Akaisoma mara tatu. Choo kipo, jiko lipo, bustani ipo, mtunza bustani naye amekumbukwa. Akaridhika.

Karani wa makao, kijana mwenye haraka, ndiye aliyeichapa kwenye kompyuta. Alinyoosha hapa na pale, akaweka wakati uliopita, akatia "for" mbele ya zile dakika arobaini.

"Hongera, mama," alisema. "Kiingereza chako si haba."

Mama Sabuni alirudi kwenye mabeseni yake akiwa na furaha ambayo hakumwambia mtu.

Jumapili iliyofuata binti wa Mwalimu alikuja kumwona baba yake. Alikuwa mwanamke nadhifu, mwepesi wa kuona lililopungua. Akashika mkono wa baba yake, akaugeuza, akauliza saa iko wapi. Baba yake akamjibu kwamba kipindi hakijaisha. Binti akamuuliza mhudumu, naye hakujua. Akamuuliza Matroni, naye akaahidi kufuatilia. Binti hakungoja kufuatiliwa. Aliandikia ofisi kuu usiku huohuo, ofisi kuu wakafungua jalada la Mwalimu, na karatasi ya juu kabisa ilikuwa ripoti ya Mama Sabuni.

Barua yao ilikuja kwenye bahasha iliyofungwa kwa gundi, jina lake juu, na neno "siri" limepigwa muhuri. Kwa kuwa ilikuwa siri, hakuthubutu kumwonyesha mtu kazini. Akaenda nayo nyumbani kwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mume wake. Shemeji alikuwa kinyozi, na alijisifu kwamba Kiingereza alikipata bure, kwa kusikiliza watangazaji wa mpira kibandani kwake mchana kutwa.

Shemeji akaisoma huku akitikisa kichwa kama daktari.

"Maswali matatu, shemeji. La kwanza: ni kweli ulim-search huyu mzee? La pili: ulikuwa peke yako? La tatu: nani alikupa ruhusa?"

"Ruhusa ya nini? Mtu amepotea, nikaombe ruhusa?"

"Hivyo ndivyo wakubwa wanavyouliza. Wanataka kujua kama ulitumwa au ulijituma. Hapa, shemeji, kuna cheti. Ofisi kuu haiwezi kupoteza bahasha kwa jambo la kawaida."

Wakajibu pamoja, shemeji akiandika kwa kalamu ya kuchorea mistari ya ndevu kwa kuwa nyingine haikuonekana. Ndiyo, waliandika, nilim-search, tena vizuri sana. Kwanza peke yangu, kisha na mtunza bustani. Hakuna aliyeniruhusu. Nilim-search kwa moyo wangu wote. Hilo la mwisho shemeji alilipigia mstari.

Siku tatu baadaye Matroni alimwita ofisini na kufunga mlango. Mbele yake kulikuwa na barua nyingine, na uso wake ulikuwa mzito.

"Mama Sabuni, kwa nini ulimpekua mzee?"

"Kumpekua? Nani kampekua?"

"Wewe."

"Mimi nilimtafuta, Matroni. Ulikuwepo. Ulinisikia nikiita mpaka nikapoteza sauti."

"Nilikusikia. Lakini umeandika ulimpekua. Umeandika mara mbili, na mara ya pili umesema ulifanya hivyo kwa moyo wako wote." Matroni akashusha sauti. "Umeandika ulimpekua chooni, mama."

Mama Sabuni aliishika meza. Alihisi kama mtu aliyetia shuka nyeupe kwenye mashine akatoa za buluu.

"Niliandika nilimtafuta," alisema tena. "Kamusi ilisema tafuta."

"Neno ni hilohilo. Likikaa hivi ni kutafuta, likikaa vile ni kupekua. Mimi nakuamini, na nimewapigia simu nikawaambia. Wanasema karatasi imeshaingia kwenye jalada, na saa ya mzee haionekani. Ijumaa anakuja mtu wao. Mpaka hapo, usikanyage upande wa wanaume."

Alitoka pale asijue anakwenda wapi, akajikuta amesimama mbele ya chumba cha mtunza bustani, ambaye naye alikuwa na bahasha.

"Eti umeandika nilimfanya nini yule mzee chooni?" mtunza bustani aliuliza.

"Wewe ni bustanini."

Mtunza bustani akafikiri. "Afadhali kidogo," alisema, lakini hakumkaribisha kukaa.

Siku zile za kungoja Ijumaa Mama Sabuni alifua huku anajisemea. Kutafuta na kupekua, mtu anawezaje kuyachanganya? Unamtafuta asiyekuwepo. Unampekua aliyepo, amesimama mbele yako, na mikono yako iko mifukoni mwake. Moja linafanywa na mama wa mtoto, jingine na askari getini. Hao wenye lugha yao wanaishije? Mume akimwambia mkewe amekuwa akim-search mchana kutwa, mke anakasirika au anafurahi? Alimpigia shemeji simu, shemeji akasema labda Kiingereza kimebadilika tangu msimu uliopita. Akafungua tena kamusi ya simu, na safari hii akateremka mpaka chini. Ni kweli, pale chini kabisa, kwa herufi ndogo, palikuwa na kupekua. Palikuwa pia na kukagua, kuchunguza, kuchakura na kusaka. Akaizima.

Amri ilikuwa asiende upande wa wanaume. Haikusema upande wa wanaume usije kwake. Jumatano adhuhuri, akiwa amezungukwa na shuka kwenye kamba, aliona viatu vyeusi vilivyong'arishwa vinakuja chini ya pindo la nguo, kisha tai, kisha Mwalimu mwenyewe. Mhudumu alikuwa nyuma yake hatua chache, akamwashiria Mama Sabuni kwamba asijali, anamwona.

"Wewe si yule msichana wa dawati la mbele?" Mwalimu aliuliza.

Mama Sabuni alikuwa na miaka hamsini na mitatu na wajukuu wawili. "Ndiye mimi, Mwalimu," alisema. Kisha, kwa kuwa hakuona wa kumuuliza mwingine, akauliza. "Nina swali. 'Search' na 'search for', tofauti yake nini?"

Kitu kikanyooka mgongoni mwa yule mzee. Akashika fundo la tai, akatazama huku na huku kutafuta ubao, na alipoukosa akageukia shuka iliyokuwa mbele yake, akanyoosha kidole kama chaki.

"Napekua nyumba: 'I search the house'. Nyumba ipo. Naingia, nafungua makabati. Namtafuta paka: 'I search for the cat'. Paka hayupo. Nyumba haina 'for', paka ana 'for'. Rudia."

"Nyumba haina, paka anayo," alirudia Mama Sabuni. "Kwa hiyo 'for' ndiyo inayoonyesha kwamba hayupo?"

"Vizuri! Sasa 'look for' ni hilohilo, ila la kila siku, la nyumbani. 'Seek' ni la vitabuni, mtu hatafuti soksi kwa 'seek'. 'Look up' ni kutafuta neno kwenye kamusi. 'Look into' ni kuchunguza jambo. 'Look through' ni kupitia karatasi. 'Look after' si kutafuta, usithubutu. 'Hunt for' ni kutafuta kwa jasho..."

Aliendelea hivyo mpaka shuka ikakauka. Mama Sabuni alishika mawili ya kwanza, la tatu likasukuma la kwanza, na ilipofika "hunt for" alikuwa hajui tena paka ana nini na nyumba ina nini. Akatoa nakala ya ripoti kwenye mfuko wa aproni.

"Lakini mimi 'for' ninayo, Mwalimu. Tazama. Karani aliniwekea."

Mwalimu akaisogeza karatasi mbali na macho, akaisoma. "Hii 'for' imebeba dakika arobaini. Haina nafasi ya kubeba mtu." Akaendelea kusoma, midomo ikitembea, na uso wake ukabadilika. "Huyu Mwalimu alipekuliwa na nani? Chooni, kisha jikoni mbele ya watu, kisha bustanini! Aibu gani hii? Mzee wa watu! Kosa lake nini?"

"Hakupekuliwa, Mwalimu. Alipotea, akatafutwa."

"Basi waandike hivyo," alisema Mwalimu kwa hasira. "Maskini. Na alipatikana?"

"Alipatikana."

"Mzima?"

"Mzima kabisa."

Mwalimu akashusha pumzi. Akamrudishia karatasi, akatazama shuka kama mtu aliyesahau kilichomleta, na mhudumu akaja kumshika mkono. Mama Sabuni alibaki pale na vibanio mdomoni. Alitaka kucheka na alitaka kulia, akaona aendelee kuanua nguo.

Alhamisi saa ikapatikana. Haikuwa imepotea. Mtoto wa kiume wa Mwalimu, ambaye hakuwa akisemezana na dada yake tangu zamani, alikuwa ameichukua wiki ileile mzee alipopotea kuipeleka kwa fundi, mkanda ulikuwa umekatika. Hakumwambia Matroni, na dada yake ndiyo kabisa. Matroni mwenyewe alimpigia, akaambiwa, akaja mbio chumba cha kufulia kutoa habari. Mama Sabuni aliinua mikono juu akashukuru.

"Kwa hiyo mgeni haji tena?"

Matroni akajikuna shingo. "Anakuja. Nimewaambia saa imepatikana. Wamesema vizuri sana, lakini hilo ni jambo la saa. Jambo la kupekua liko palepale."

"Kama hakuna kilichoibwa, nilimpekua kwa sababu gani?"

"Ndicho wanachotaka kujua," alisema Matroni.

Mgeni alikuwa mwanamke mrefu, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, na hakujua Kiswahili zaidi ya salamu. Walikaa chumba cha mikutano, chenye kabati la mafaili, pazia zito na meza ndefu kuliko mahitaji. Matroni aliwekwa pembeni na kuambiwa asizungumze mpaka aulizwe, kwa kuwa yeye ni mkubwa wa Mama Sabuni. Kutafsiri alipewa Karani. Karani alikuwa na jasho puani, kwa sababu alikuwa amekumbuka ni nani aliyeinyoosha ile ripoti.

Mgeni akauliza, Karani akageuza. "Anasema: ulimtafuta Mwalimu?"

"Ndiyo."

Karani akalirudisha kwa Kiingereza, na Mama Sabuni akasikia kwa masikio yake: "searched", peke yake, bila kitu chochote nyuma. Mgeni akaandika.

"Umesemaje hapo?" Mama Sabuni aliuliza. "Mbona hujaniwekea 'for'?"

"Mama, niache nifanye kazi."

"Weka 'for'! Paka ana 'for'!"

"Paka gani?" Karani akamtazama Matroni kuomba msaada, na mgeni akataka kujua kinachosemwa. Karani akatafsiri kwamba kuna paka. Mgeni akageuza karatasi zake zote, paka hakumwona.

Mama Sabuni akaona bora aseme mwenyewe. Usiku kucha alikuwa ameifanyia mazoezi sentensi moja, lakini alipofungua mdomo maneno ya Mwalimu yalimjia yote kwa pamoja, yakisukumana mlangoni. "I look up Mwalimu," alisema. Mgeni akainua nyusi. "No. I look into Mwalimu. I hunt..." Hapo Matroni akafumba macho. Kichwa cha Mama Sabuni kilikuwa kinazunguka. Kila neno aliloligusa liligeuka likamshika yeye.

Akasimama.

"Mwanangu," alimwambia Karani, "toka nje."

"Mimi ndiye mtafsiri."

"Toka, ufunge mlango."

Karani akatoka. Mama Sabuni akamwonyesha mgeni kiti kitupu cha Karani, akakipapasa, akatoa macho, akashika kichwa. Kisha akaanza. Aliinama chini ya meza. Akavuta pazia. Akafungua kabati la mafaili, akalifunga. Akaita, "Mwalimu! Mwalimu, jamani! Uko wapi?" Alidhani anaigiza, lakini alipofika dirishani na kusikia lori likipita nyuma ya ukuta, sauti ilimkatika kama Jumanne ile, na ilibidi asimame kidogo, ameshika fremu ya dirisha. Ndipo akaenda kufungua mlango, akamwona Karani, akamkumbatia kwa nguvu na kumwongoza mpaka kwenye kiti.

"This, yes," alimwambia mgeni.

Kisha akamsimamisha Karani tena na kumtia mikono mifukoni. Akatoa leso, funguo, nusu biskuti na tiketi iliyokunjwa, akavipanga mezani kimojakimoja. Mifuko ya suruali ikabaki nje inaning'inia kama masikio.

"This, no. No, no, no."

Mgeni alitazama ile mifuko, akatazama dirisha, akatazama ripoti. Akauliza swali kwa sauti ya chini.

"Anauliza," alisema Karani bila kuthubutu kurudisha mifuko yake, "wakati ule ulikuwa unatafuta nini?"

"Si nini!" Mama Sabuni alipiga meza. "Nani! Muulize nani, nitamjibu!"

Karani akatafsiri, na hili alilitafsiri sawasawa. Mgeni akavua miwani. Akasema maneno mawili tu: "I see."

"Anasema anaona," Karani alitangaza.

Mama Sabuni akageuka nyuma haraka. "Anaona nini?"

"Ameelewa!" Matroni alishindwa kuvumilia. "Ameelewa, jamani, kaeni chini!"

Barua ilikuja baada ya siku nane. Ilikuwa fupi, na katikati yake Mama Sabuni aliona lile "look" limerudi, safari hii limeshikana na "into", na mwisho wa mstari "found nothing". Kwa kamusi ya simu, neno kwa neno, alipata kwamba walitazama ndani wakakuta hamna kitu. Ndani ya nini? Shemeji alisema ndani yake yeye, na kwamba ni matusi, asikubali. Mtunza bustani alisema labda ni ndani ya choo. Karani peke yake ndiye aliyemwambia kwamba wamechunguza na hana kosa, lakini Mama Sabuni alishapoteza imani naye, akamwomba Matroni aisome pia. Matroni akaisoma, akampa mkono.

Akaruhusiwa tena kwenda upande wa wanaume. Binti wa Mwalimu alimsalimu kwa adabu, hata akamuuliza hali ya wajukuu, ingawa baada ya hapo aliendelea kuhesabu mashati ya baba yake kila Jumapili, na Mama Sabuni alimpangia kwa rangi ili amalize upesi.

Kilichobaki kilikuwa sanduku dogo lililochorwa chini ya barua, la maneno ya mfanyakazi, ili jalada lifungwe. Mama Sabuni alilijaza palepale mbele ya meza ya Karani, maneno mawili, kwa mwandiko wake mkubwa: Nilikuwa namtafuta.

"Mama, inatakiwa Kiingereza," Karani alisema.

"Najua." Akaiweka kalamu mbele yake. "Andika wewe."

Karani akaishika kalamu, akainama, akaandika neno moja. Akalikata. Akatazama dari.

"Ulikuwa unamtafuta, au umekuwa ukimtafuta?" aliuliza. "Kwa sababu hapo inabadilika."

"Hayo ni yako, mwanangu," alisema Mama Sabuni. "Mimi nina shuka kwenye mashine."

Alipopita tena baada ya saa nzima, amebeba beseni la foronya, Karani alikuwa bado hajainuka. Kamusi mbili zilikuwa wazi mbele yake, na kalamu ameing'ata katikati ya meno.